Aliyekuita Kazini Akurudishe Kwenu

Na Bwana Shamba, Tabora

Msimu mmoja, tumbaku ikiwa imekwisha kuuzwa, nilimkuta kijana ameketi juu ya kifurushi chake kando ya barabara ya Urambo. Ilikuwa jioni. Magari yalipita, lakini yeye hakuinua mkono kuyasimamisha. Nikazima pikipiki.

"Shikamoo, mzee," alinisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Unasubiri gari la wapi?"

"La Kasulu, mzee. Lakini nauli sina."

Nikakaa karibu naye. Alinieleza kwamba kabla ya mvua kuanza, mtu mmoja alifika kijijini kwao. Mtu huyo alitumwa na mkulima wa tumbaku kutafuta vijana wa kazi. Aliwaahidi chakula, mahali pa kulala na ujira mzuri baada ya mauzo. Vijana wakapanda gari, wakaja Tabora.

Walifanya kazi zote. Walilima matuta, wakapanda, wakapalilia. Walichuma majani na kukesha wakichochea moto wa bani. Siku ya malipo ilipofika, tajiri akatoa daftari lake. Akakata fedha ya chumvi, ya unga, ya dawa na ya viatu vya mpira. Akakata na nauli ya kuja. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana, nacho kijana alikimaliza kwa chakula akingoja huenda tajiri atamwongeza. Hakumwongeza. Alimwambia, "Kazi imekwisha. Nenda kwenu."

"Mliandikiana?" nilimwuliza.

"Hapana, mzee. Tulikubaliana kwa mdomo."

Kisha akaniambia neno jingine. Wenyeji waliofanya kazi ileile, katika shamba lilelile, walilipwa zaidi. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba watu wa Kigoma wamezoea shida, kwa hiyo kidogo kinawatosha.

Ndugu msomaji, mimi nilijua habari za mbolea na magonjwa ya mimea. Sheria ya kazi sikuijua. Nilimnunulia chakula, nikamwambia, "Pole mwanangu, ndiyo dunia." Baadaye nilikwenda kuuliza kwa wanaojua. Nikatambua kwamba nilimwambia vibaya. Ile haikuwa dunia. Ilikuwa ni kuvunja sheria.

Leo nakuandikia yale ambayo ningemwambia jioni ile.

NJIA YETU NI YA ZAMANI

Sisi watu wa Tabora tunaijua kazi ya mbali. Babu zetu walikuwa wapagazi. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 60 au 70, yaani karibu kilo 30. Juu ya mzigo huo alikuwa na mkeka wake na chungu chake. Msafara wa Mwingereza Richard Burton uliondoka pwani mwezi wa Juni 1857. Ulifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, mwezi wa Novemba.

Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtumwa. Alipatana ujira wake kabla ya kubeba. Alilipwa kwa nguo, kama merikani na kaniki. Njiani alipewa posho, kibaba cha nafaka kwa siku. Posho isipotolewa, wapagazi waliweza kutua mizigo chini na kukataa kwenda. Mkuu wa msafara alilazimika kuzungumza nao.

Katika njia hiyohiyo walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo. Hao walikuwa watumwa. Walitembea ardhi ileile na kunywa maji ya visima vilevile. Lakini mpagazi alikuwa na ujira wake, na alikuwa na haki ya kurudi kwao. Mtumwa hakuwa na ujira, wala hakuwa na njia ya kurudi. Shika jambo hilo, ndugu msomaji, maana tutalirudia.

Wapagazi walikuwa na watani njiani. Mpaka leo Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Utani huo ulikua kwa safari zile. Mtu akiugua au akifa ugenini, mtani alimsaidia au alimzika. Wazee waliona kwamba mtu aliye mbali na kwao anahitaji ulinzi.

VITA NA MKONGE

Baadaye ilikuja vita ya 1914 hadi 1918. Wajerumani na Waingereza walipigana katika nchi yetu, na mizigo yao ilibebwa na Waafrika. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi karibu laki moja. Wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa, siyo kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam umepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao.

Halafu ukaja wakati wa manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji watu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuwatafutia watu, likiitwa SILABU. Vijana wengi walichukuliwa kutoka sehemu zetu za magharibi, wakasafirishwa mbali na kwao. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Alipewa na kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Hivyo kipande cha siku 30 kiliweza kuchukua zaidi ya mwezi mmoja kujaa.

Wakati huo wa ukoloni mishahara ilikwenda kwa rangi. Mzungu alikuwa na kiwango chake, Mwasia chake, na Mwafrika cha chini kabisa. Haya ndiyo yanayoitwa ubaguzi katika kazi.

SHERIA INASEMAJE LEO?

Tanzania Bara inayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Ni sheria namba 6 ya mwaka 2004. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, namba 11 ya mwaka 2005. Hapa nitaeleza ile ya Bara, maana ndiyo inayotuhusu sisi wa Tabora.

Kwanza: ubaguzi umekatazwa.
Kifungu cha 7 kinasema mwajiri asimbague mfanyakazi. Asimbague kwa rangi, taifa, kabila au mahali alikotoka. Asimbague kwa dini wala kwa maoni ya siasa. Asimbague kwa kuwa ni mwanamke au mwanamume, kwa ujauzito, kwa ndoa au kwa mzigo wa familia. Asimbague kwa ulemavu, kwa virusi vya UKIMWI, kwa umri, wala kwa hali yake ya maisha. Kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu hizo pia ni ubaguzi.

Basi mtu wa Kasulu na mtu wa Urambo wakifanya kazi moja ya kuchuma tumbaku, tajiri asiseme huyu apate kidogo kwa sababu ametoka Kigoma. Mwanamke na mwanamume wakikaa pamoja kupanga madaraja ya majani, mwanamke asipunjwe kwa sababu ni mwanamke. Mama mjamzito asifukuzwe kwa sababu ya mimba yake.

Hii haina maana kwamba watu wote walipwe sawa. Aliyechuma mistari kumi anaweza kulipwa zaidi ya aliyechuma mitano. Fundi wa bani anaweza kulipwa zaidi ya anayejifunza. Sheria inamruhusu mwajiri kuchagua mtu kwa mahitaji halisi ya kazi. Inachokataza ni kumpunja mtu kwa kabila lake au kwa jinsi alivyoumbwa.

Pili: mkataba uandikwe.
Kifungu cha 14 kinataka mkataba wa kazi uwe wa maandishi, kazi iwe ndani ya nchi au nje ya nchi. Kifungu cha 15 kinataja mambo ya kuandikwa. Miongoni mwake ni jina la mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, aina ya kazi, siku ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Kama mfanyakazi haelewi maandishi hayo, mwajiri lazima ahakikishe anaelezwa mpaka aelewe. Kibarua anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja hayumo katika utaratibu huu.

Je, kama mwajiri hakuandika? Usikate tamaa. Shauri likifika mbele ya sheria, na mwajiri hana karatasi ya kuonyesha, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha mlipatana nini. Kutoandika hakumwokoi.

Tatu: ujira usikatwe ovyo.
Mwajiri hawezi kukata fedha ya mfanyakazi apendavyo. Anaweza kukata ikiwa sheria au mahakama imeagiza, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kulipa deni lake. Daftari la tajiri peke yake, ambalo mfanyakazi hakulikubali, halitoshi. Kumbuka kijana wangu wa Kasulu na fedha ya chumvi.

Nne: mfanyakazi arudishwe.
Hili ndilo kubwa zaidi kwa mtu aliye mbali na kwao. Liko katika kifungu cha 43. Kazi ikiisha mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri afanye moja kati ya mambo matatu. Amsafirishe yeye na mizigo yake mpaka alipoajiriwa. Au amlipie usafiri huo. Au ampe fedha ya nauli. Fedha hiyo isipungue nauli ya basi mpaka kituo cha basi kilicho karibu na mahali alipoajiriwa. Na kama kazi imekwisha lakini mfanyakazi bado hajasafirishwa, apewe fedha ya kujikimu kwa kila siku anayongoja.

Mahali alipoajiriwa ni wapi? Ni pale mwajiri, au wakala wake, alipomfuata mtu na kumwita kazini. Kijana yule aliitwa kijijini kwao na mtu aliyetumwa. Kwa hiyo aliajiriwa kijijini kwao, wilaya ya Kasulu. Angekuja Tabora mwenyewe na kubisha hodi shambani kuomba kazi, ingekuwa ameajiriwa Tabora. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ina thamani ya nauli nzima. Ndiyo maana mahali alipoajiriwa lazima paandikwe.

Kazi ikiisha, mfanyakazi apewe pia ujira wote wa kazi aliyofanya, malipo ya likizo anayodai, na cheti cha utumishi.

WEWE MKULIMA UNAYEAJIRI

Ndugu mkulima, najua utaniuliza: "Bwana Shamba, mimi si kampuni. Nina ekari tatu za tumbaku na watu wawili. Sheria hii inanihusu?"

Ndiyo, inakuhusu. Ukimwita mtu afanye kazi yako kwa ujira, wewe ni mwajiri.

Najua pia kwamba fedha ya tumbaku hutoka mara moja kwa mwaka, na pengine huchelewa. Kwa hiyo panga mapema. Unapopiga hesabu ya mbolea, kuni na mbegu, tia na nauli ya kuwarudisha watu wako. Usingoje mpaka baada ya mauzo. Tia pia kima cha chini cha mshahara wa kazi za kilimo. Kima hicho hutangazwa na Serikali katika amri ya mshahara, nacho hubadilika. Uliza Ofisi ya Kazi kiwango cha sasa.

Usiajiri watoto. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Mwenye miaka 14 na kuendelea, akiwa bado mtoto, afanye kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Majani mabichi ya tumbaku yana sumu inayopenya kwenye ngozi, hasa yakiwa na umande. Mtoto huugua upesi.

Mfanyakazi aliyerudishwa salama atarudi kwako msimu ujao, tena atakuja na nduguye. Aliyetelekezwa barabarani ataeleza kijiji kizima.

KAZI YA NCHI ZA NJE

Siku hizi mawakala hawatafuti watu wa tumbaku tu. Wengine wanatafuta wasichana wa kwenda kufanya kazi za nyumbani Oman, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia. Zamani misafara ya Tabora ilikuwa na matajiri waliotoka Oman na Unguja. Leo watoto wetu wanapanda ndege kuelekea hukohuko.

Wapo wanaokwenda wakapata waajiri wema, wakajenga nyumba kwao. Wapo pia waliopata taabu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba pasi zao zilichukuliwa na waajiri. Walifanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku wa manane bila siku ya kupumzika. Wengine hawakulipwa walichoahidiwa. Ripoti ilionyesha pia kwamba mishahara ilitofautiana kwa nchi anayotoka mfanyakazi. Hapo utaona kipimo kile cha kijana wa Kasulu, ila sasa kimevuka bahari.

Nchi kadhaa za Ghuba zina utaratibu unaoitwa kafala. Kibali cha mgeni cha kuishi huko hufungwa kwa mwajiri mmoja. Akimkimbia mwajiri wake, hata kwa sababu ya kupigwa, anaweza kuhesabiwa mtoro. Sheria yetu ya Tanzania haiwezi kuingia katika nyumba ya mtu Muscat. Ulinzi wake mkubwa unatengenezwa hapa nyumbani, kabla ya kupanda ndege.

Kwa hiyo, mzazi na kijana, fanyeni hivi:

1. Mwulizeni wakala kama ameandikishwa kisheria. Kisha mkahakikishe katika Ofisi ya Kazi, au kwa TaESA. Wakala anayekuja usiku na kusema msimwambie mtu, mkataeni.

2. Ombeni mkataba wa maandishi kwa lugha mnayoielewa. Usomeni kabla ya safari, si baada ya kufika.

3. Angalieni kama umetaja ujira, saa za kazi, siku ya mapumziko, matibabu, na nani atalipa nauli ya kurudi. Mkataba usiotaja nauli ya kurudi una kasoro kubwa.

4. Acheni nyumbani nakala ya pasi, nakala ya mkataba, na jina na simu ya mwajiri.

5. Andikeni simu ya ubalozi wa Tanzania katika nchi hiyo. Oman ubalozi wetu upo Muscat. Kijana aikariri simu hiyo, kwa sababu simu ya mkononi inaweza kuchukuliwa.

Kuna na wanaotumwa nje na waajiri wa hapahapa, kama madereva wa malori yaendayo Kongo na Zambia. Nao mkataba wao lazima uandikwe. Waandikiane na mwajiri ni nani atalipa matibabu na safari ya kurudi, kama gari litaharibika au kazi itakatishwa hukohuko.

UKIDHULUMIWA UFANYE NINI?

Usipigane. Usiibe mali ya tajiri ili kufidia. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tume hii ina ofisi mikoani, na mkoa wa Tabora umo. Utajaza fomu ya malalamiko. Kama hujui kuijaza, omba usaidiwe. Mfanyakazi wa shambani anaweza pia kutafuta msaada wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU.

Lakini usikawie. Kama unalalamikia kuachishwa kazi isivyo haki, peleka shauri katika siku 30. Kama unadai mambo mengine, kama ujira au nauli, peleka katika siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kungoja msimu mwingine.

Tume kwanza itawakalisha wewe na mwajiri wako ili mpatane. Shauri la ubaguzi lisipopatanishwa linaweza kwenda Mahakama ya Kazi. Ukionyesha dalili za kutosha kwamba ulibaguliwa, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Nenda na ushahidi. Kama hukupewa karatasi, leta daftari lako mwenyewe. Andika siku uliyoanza kazi, jina la aliyekuita, mahali alipokukuta, ujira mliopatana, na kila fedha uliyopokea. Wewe umekwisha kujua kusoma na kuandika. Hiyo ndiyo faida yake. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na nguvu za mikono yako ni mali.

Kijana yule wa Kasulu alipakiwa na dereva wa lori asubuhi iliyofuata. Sikumwona tena. Zile siku 60 zake zilipita bila mtu kumweleza. Wewe umeelezwa. Mweleze na jirani yako asiyejua kusoma.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ubaguzi: kumtenga au kumpunja mtu kwa sababu ya alivyo, siyo kwa sababu ya kazi yake.
Wakala: mtu anayefanya jambo kwa niaba ya mwingine, kama kumtafutia watu wa kazi.
Usuluhishi: kuwapatanisha watu wenye ugomvi.
Kujikimu: kupata mahitaji ya lazima, kama chakula na malazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mpagazi wa zamani na mtumwa walitofautiana kwa mambo gani?
2. Mtu aliyeitwa kijijini kwake na wakala, je, ameajiriwa wapi?
3. Katika kijiji chenu, vibarua wanaotoka mbali wanalipwa sawa na wenyeji kwa kazi moja? Kama sivyo, mtafanya nini?